Diski Ngumu ya Kampuni Nyingine katika Kompyuta Kuukuu

Kompyuta kuukuu inayotunza hesabu za mauzo ya kahawa Namswea, au kwingineko wilayani Mbinga, haistahili kutupwa kwa sababu tu diski yake ngumu, yaani kifaa kinachohifadhi kumbukumbu hata umeme unapozimwa, imechakaa. Diski mbadala si lazima itoke kwa kampuni iliyounda kompyuta, kwa kuwa viwango vya kuunganishia ni vya pamoja. Kinachotazamwa kwanza ni aina ya kiunganishi. Kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya 2003 hutumia mfumo wa PATA, wenye utepe mpana wa waya na kiunganishi cha pini 40, ilhali zilizofuata zilihamia ule wa SATA, wenye waya mwembamba, na mifumo hiyo miwili haiungani bila adapta.

Tatizo kubwa zaidi, ambalo muuzaji asiye makini hulipita kimya, ni ukubwa wa diski. Kompyuta inayotumia anwani za biti 28 haivuki gigabaiti 137 hivi, kwa sababu anwani hizo, ambazo ni namba za vyumba vya baiti 512 kila kimoja, huishia hapo. Mfumo endeshi nao huhusika: Windows XP, kwa mfano, ilipata uwezo wa anwani za biti 48, zinazovuka kikomo hicho, kwa nyongeza yake ya kwanza ya mwaka 2002. Diski kubwa ikifungwa bila kuhakiki hilo, kumbukumbu mpya zinaweza kuandikwa juu ya zile za zamani, na ndiyo maana fundi mwangalifu hunakili data zote kwenye diski ya nje kabla ya kushika bisibisi.