Kalamu Badala ya Kibodi

Wazee kadhaa mmeniambia kuwa fomu za eCitizen mnajaziwa na vijana wa saiba, hata nenosiri mnawatajia, kwa kuwa kibodi inawasumbua vidole. Ndiyo maana leo nimekuja na kalamu ya kompyuta.

Ukigusa kioo kwa ncha yake, ni sawa na kubofya kipanya. Ukitaka kuandika, gusa nafasi ya jina, fungua kisanduku cha mwandiko, kisha andika kwa mkono kama daftarini. Programu itageuza mwandiko kuwa herufi za chapa.

Lakini programu hukisia. Mwandiko wangu wa kuku umewahi kumgeuza Cheruiyot kuwa mtu nisiyemjua, na 1 yenye kichwa huweza kusomwa 7. Nambari ya kitambulisho ihakikishe tarakimu moja moja kabla ya kutuma. Nenosiri usiliandike kwa mkono, maana aliye nyuma yako atalisoma. Libofye kwenye kibodi ya kioo.

Kompyuta ambayo kioo chake hakiitikii mguso haitaitambua kalamu hii, kwa hivyo ijaribu dukani kabla ya kulipa.

Haya, mzee wa kofia, karibu mbele uanze.