Anayekataa Bunduki kwa Dhamiri



Wahitimu wa sheria, wengi wenu mlipomaliza kidato cha sita mlipitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Mlikimbia mchakamchaka alfajiri, mkashika bunduki. Naamini malezi yale yana faida. Lakini leo nina neno kuhusu wale ambao dhamiri yao, mara nyingi dini yao, haiwaruhusu kuigusa bunduki hiyo.

Tazameni Korea Kusini. Tangu miaka ya 1950 vijana zaidi ya 19,000, karibu wote Mashahidi wa Yehova, walifungwa kwa kukataa jeshi. Adhabu iliyozoeleka ilikuwa miezi 18, na ilikuwa na hesabu yake: aliyefungwa chini ya hapo angeweza kuitwa tena, akatae tena, afungwe tena. Hakimu mwenye huruma, basi, alikupa mwaka mmoja na nusu!

Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba sheria isiyotoa utumishi mbadala inakiuka Katiba. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikasema imani ya kweli na thabiti ni sababu halali ya kukataa. Ikabaki kazi ya kuipima imani yenyewe, na waendesha mashtaka wakaanza kuchunguza kama kijana huwa anacheza michezo ya kompyuta ya kufyatua risasi. Msicheke, ninyi mngeipima kwa kipimo gani?

Utumishi mbadala ulianza mwaka 2020: miezi 36 ya kufanya kazi na kulala gerezani, ilhali askari wa nchi kavu anatumikia 18. Yaani anayekubaliwa leo anapangiwa kukaa gerezani mara mbili ya alivyohukumiwa aliyekataliwa jana. Watetezi wa utaratibu huo wanasema bila ugumu kila mvivu atajidai ana dhamiri. Sikubaliani nao. Mvivu hakimbilii kupika na kufanya usafi gerezani, hata kwa hiyo miezi 18.

Kesho baadhi yenu mtaandika sheria, wengine mtaamua kesi. Akija mbele yenu mtu wa namna hii, mpangieni kazi ya kiraia yenye manufaa kwa taifa, kwa muda unaolingana na wa mwenzake aliyeko kambini. Na anayemhoji ili kuipima dhamiri yake asiwe mwanajeshi.