Bunduki ya Upepo Ijaribiwe kwa Karatasi, Isijaribiwe kwa Jirani



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya chombo ambacho wengi hukidhania mchezo wa watoto, yaani bunduki ya upepo. Haina baruti. Mwenye nayo hukunja mtutu, springi ikakazwa ndani; anapofyatua, springi husukuma pistoni, pistoni husukuma hewa, nayo hewa hurusha risasi ndogo ya milimita 4.5 au 5.5. Udogo huo usitudanganye. Risasi hiyo hupasua ngozi na kupofusha jicho.

Tulipata kuletewa shauri la majirani wawili. Mmoja alikuwa akifukuza ndege katika mtama wake; mtoto wa mwenzake akajeruhiwa juu ya nyusi, ng'ambo ya mpaka wa mashamba. Mwenye bunduki aliapa kwamba alilenga ndege. Tuliijaribu bunduki ile mbele ya karatasi, tukaona kwamba mtu yule alisema kweli: kwa umbali wa mita 20 ilipiga upana wa kiganja kulia mwa alama. Hata hivyo kweli yake haikumwondolea lawama. Hakuwa ameijaribu hata siku moja, na nyuma ya ndege hapakuwa na kitu cha kuizuia risasi.

Kwa hiyo, kila aliye na kibali cha kumiliki bunduki hii na ayashike haya.

Kwanza, chagueni mahali. Nyuma ya karatasi pawe na kichuguu au tuta nene la udongo laini. Jiwe, bati na mti mgumu huirudisha risasi kwa aliyeifyatua. Vaeni miwani ya kukinga macho, na watoto wakae nyuma ya mpigaji.

Pili, kagueni skrubu zote, kwani mtikisiko wa springi huzilegeza. Mnapotia risasi, mkono mmoja uushike mtutu uliokunjwa; ukijifyatukia, hukata vidole. Wala msifyatue bunduki tupu, maana pistoni hujigonga na kuharibika.

Tatu, shikeni kwa wepesi. Bunduki ya springi hurudi nyuma, kisha hurukia mbele, na hayo hutokea kabla risasi haijatoka mdomoni. Anayeikaba kwa nguvu, au anayeulaza mtutu juu ya gogo, hupotosha shabaha. Kaeni chini, egemezeni mkono juu ya mfuko wa mchanga, na bunduki ilale juu ya kiganja kilicho wazi.

Nne, anzeni kwa mita 10. Pigeni risasi tano kwa alama ileile bila kugusa kilengeo. Zikitawanyika, tatizo ni mshiko, skrubu au aina ya risasi. Zikikusanyika pamoja lakini mbali na alama, hapo ndipo kilengeo hurekebishwa. Kilengeo cha nyuma husogezwa kule mnakotaka risasi iende: zikipiga kulia, kisogezwe kushoto, zikipiga chini, kiinuliwe. Sogezeni kidogo, pigeni tena tano, kisha endeleeni hadi umbali mnaoutumia. Anayefunga darubini achague iliyotengenezwa kwa bunduki za springi, kwa sababu mtikisiko wa pande mbili huvunja darubini za kawaida.

Ndugu zetu, hata bunduki iliyonyooshwa vyema haitoi ruhusa ya kupiga popote. Risasi iliyokosa ndege aliye juu ya mti husafiri mbali, nayo haijui shamba la nani wala nchi ya nani. Pasipokuwa na udongo nyuma ya shabaha, teremsheni bunduki.

Mwisho, sheria za nchi zetu hazifanani. Nchini Kenya, kwa mfano, bunduki ya upepo imo katika sheria ya silaha na huhitaji cheti. Asivuke mtu mpaka na bunduki kwa hoja kwamba ni ya upepo tu. Kabla ya kununua, kurithi au kuazima, fikeni kituoni mkaulize. Kuuliza hakugharimu kitu, na jicho la mtoto halina fidia.