Kilimapesa: Kwa Nini Mgodi Hufunguliwa Ukafungwa



Atokaye Nyacheki akashika njia ya kusini, akavuka mpaka wa Kisii na kuingia Transmara, hatimaye hufika katika vilima vya Lolgorien. Huko kuna kilima kiitwacho Kilimapesa, jina lenye ahadi kubwa kuliko historia yake.

Dhahabu ilianza kutafutwa Lolgorien yapata mwaka 1920. Imenaswa katika mishipa myembamba ya mawe meupe magumu. Sharti jiwe lipasuliwe, litolewe shimoni na kusagwa kuwa unga, ndipo dhahabu itenganishwe. Na tani nzima ya mawe yaweza kutoa gramu chache tu, zisizojaza kijiko. Kwa hiyo mwenye mgodi haulizi kama dhahabu ipo. Ipo. Huuliza kama bei yake itashinda gharama.

Kabla ya Septemba 1931, Uingereza ilipoacha kufunga sarafu yake na dhahabu, wakia moja ilikuwa kama shilingi 85. Mwaka 1939 ilifika shilingi 168. Si ajabu kwamba katika miaka hiyo watafutaji walimiminika Kakamega. Baada ya Vita Kuu ya Pili bei ya dunia ilishikiliwa kwa dola 35 kwa wakia, bali ujira, mafuta na vyuma havikushikiliwa na mtu. Mgodi wa Rosterman, Kakamega, ulifungwa mwaka 1952. Ule wa Macalder, Migori, uliotoa shaba pamoja na dhahabu, ulifungwa mwaka 1966. Kisha mwaka 1971 Marekani ikaiacha bei ile, na Januari 1980 wakia ikavuka dola 800. Vilima vilevile vilivyoachwa vikawa na thamani tena, ingawa jiwe halikuwa limebadilika hata kidogo.

Katika karne hii Kilimapesa ilishikwa na kampuni ya Goldplat, na mwaka 2021 ikaingia mikononi mwa Caracal Gold. Zote mbili zilikuwa katika soko la hisa la London. Hapo pia kazi ilianza na kusimama.

Kwa jirani wa mgodi jambo hili si dogo. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 huyagawa malipo ya mrabaha: asilimia 70 kwa Serikali Kuu, 20 kwa Kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali. Lakini mrabaha hutoka katika dhahabu iliyopatikana; mgodi uliolala hauna cha kugawa, na wanaoendelea kupata riziki ni wachimbaji wadogo wenye nyundo na karai. Wengi wao huinasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki hiyo motoni. Mvuke wake hauonekani, nao hudhuru ubongo na figo, hasa za watoto walio karibu na jiko.

Sheria hiyohiyo humtaka mwenye leseni aweke dhamana ya kutengeneza ardhi atakapoondoka. Mashimo ya zamani yalichimbwa kabla ya sharti hilo kuwapo.