Kuboresha Breki za Gari kwa Vipuri vya Modeli Nyingine: Mada kwa Mafundi wa Elerai na Jiji la Arusha

Gari la watalii linalotoka Arusha kwenda Ngorongoro huwa limekwisha kubadilika sana tangu lilipotoka kiwandani. Toyota Land Cruiser za jamii ya 70, maarufu mitaani kwa jina la mkonga, hurefushwa fremu, huwekewa bodi yenye paa la kuinuliwa, viti vya watalii, friji, tangi la pili la mafuta na springi zilizoongezewa nguvu, na kazi hiyo hufanywa na mafundi wa jiji hili. Breki, hata hivyo, mara nyingi hubaki zile zilizokusudiwa gari fupi na jepesi zaidi, ndipo mwenye gari anaporudi gereji kuomba afungiwe za modeli kubwa, kama vile Land Cruiser ya jamii ya 80 au 100. Mada hii inashikilia kwamba ombi hilo ni la haki, ila hueleweka vibaya, kwa sababu breki ni mfumo mmoja kuanzia pedali hadi tairi, na kipuri kikubwa kinachoingizwa peke yake kinaweza kulifanya gari liwe la hatari kuliko lilivyokuwa.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto na kulitoa joto hilo hewani. Gari la kilo 3,000 likisimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, nishati inayogeuka joto ni jouli 740,000 hivi. Gari hilohilo likiteremka kwa njia ya Seneto kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro hadi chini, kimo cha mita 600 hivi, nishati ya kuondolewa hufikia jouli milioni 17.6, yaani karibu mara 24 ya ile ya kusimama mara moja, tena mwendo huwa mdogo kiasi kwamba upepo hausaidii sana kupoza. Injini ikiwa katika gia nzito hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo, lakini dereva akiteremka kwa gia nyepesi huku akikanyaga breki mfululizo, karibu mzigo wote huishia kwenye padi, diski, shuu na dramu.

Hapo ndipo mafuta ya breki yanapoingia katika hesabu. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kadiri muda unavyopita, na unyevu huo hushusha kiwango chake cha kuchemka: ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 yakiwa mapya, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho cha chini ni nyuzi 140, ilhali kwa DOT 4 viwango ni 230 na 155. Yakichemka hutoa mvuke, na kwa kuwa mvuke hubonyea, pedali huzama hadi sakafuni ingawa hakuna kilichovunjika wala kuvuja. Gari likipoa breki hurudi, na dereva anayefika gereji kesho yake kueleza yaliyompata huonekana mzushi. Kwa gari la namna hii, kumwaga mafuta ya zamani, kujaza DOT 4 mpya na kutoa upepo vizuri ni tiba ya kwanza, tena ya bei nafuu, kabla ya kutafuta kalipa za gari lolote.

Inapobainika kwamba diski kubwa zinahitajika kweli, uwiano wa masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali, na pistoni za kalipa ndio unaoamua matokeo. Kalipa zenye pistoni pana hudai mafuta mengi zaidi, hivyo masta silinda ya awali huweza kuishiwa safari kabla padi hazijabana sawasawa. Akibadili masta silinda ya inchi 7/8 na kuweka ya inchi 1, fundi huwa ameongeza eneo lake kwa asilimia 31 hivi, lakini kwa nguvu ileile ya mguu presha hushuka kwa karibu asilimia 23, na ndiyo maana pedali huwa ngumu iwapo busta haikubadilishwa pia. Iliyo salama ni kuchukua seti nzima kutoka gari moja: masta silinda, busta, kalipa na diski.

Kuhusu kuingiliana kwa vipuri, inatosha kukumbusha kwamba mkonga wa zamani una habu za stadi sita, wakati Land Cruiser ya 100 na zile za 78 na 79 zilizotoka kuanzia mwaka 1999 zina stadi tano, na kwamba diski kubwa huenda isiingie ndani ya rimu ya inchi 15. Anayeondoa dramu za nyuma na kufunga diski asisahau kuwa handbreki ilikuwa ndani ya dramu hizo. Aidha, baadhi ya masta silinda za mfumo wa dramu hubakiza presha ndogo kwenye mirija hata pedali ikiachwa, na presha hiyo hufanya padi za diski ziburuze na kuungua taratibu.

Jambo linalosahaulika zaidi liko chini ya gari, upande wa nyuma. Ni vali inayopima mzigo, ambayo mkono wake umeunganishwa na ekseli, na kazi yake ni kupunguza presha ya breki za nyuma gari likiwa tupu, ili magurudumu ya nyuma yasifunge na gari kugeuka ubavu. Vali haijui uzito. Inajua tu umbali kati ya fremu na ekseli. Springi zikikazwa au gari likiinuliwa, umbali huo hubaki mkubwa hata gari likijaa watu na mizigo, vali huchukulia kuwa gari ni tupu, na breki za mbele huachiwa kazi karibu yote. Kwa maneno mengine, fundi wa springi amekwisha kubadili breki bila kuzigusa, na malalamiko mengi ya breki dhaifu yangeisha kwa kurekebisha mkono huo kufuatana na kimo kipya. Kuiondoa vali kabisa, kama wanavyofanya baadhi ya mafundi, ni kosa kubwa, kwani gari tupu linaloteleza kwa magurudumu ya nyuma kwenye lami yenye mvua halirudishwi na usukani.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kutembea barabarani, na wakazi wa Arusha hawahitaji kuelezwa sababu: tarehe 24 Februari 2024, Ngaramtoni, kwenye barabara ya Arusha hadi Namanga, lori liligonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha, huku taarifa za mwanzo zikitaja kufeli kwa breki. Kwa hiyo gari lililobadilishwa breki lisikabidhiwe kwa mwenyewe kabla ya kujaribiwa likiwa tupu na likiwa na mzigo kamili, mahali pasipo na watu, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, na magurudumu ya nyuma yasifunge kabla ya yale ya mbele. Gereji isiyo na mahali wala muda wa kufanya jaribio hilo iikatae kazi hiyo.