Msuli ni akiba: jibu kwa mama aliyeshindwa na jembe

Mazungumzo haya yalitolewa na muuguzi, mwanachama wa shirika letu, siku ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika sawa alivyoyasema, kwa ajili ya wale ambao hawakufika na kwa ajili ya wafadhili wetu.



Mwenyekiti aliniomba niongee juu ya afya. Nilichagua msuli, juu ya swali moja. Mama mmoja alirudi toka kambini Tanzania pamoja na watoto wake. Miezi mitatu baadaye alikuja kuniona, akaniambia: «Muganga, minakula, tumbo inajaa, lakini jembe inanishinda. Nguvu yangu ilibakia kambini?» Majirani walikuwa wamekwisha kumpa jibu lao: amelogwa. Tena walimtaja mtu. Munajua vizuri maneno ya namna hiyo yanaweza kutufikisha wapi. Basi leo ninamjibu yule mama mbele yenu wote, na mwisho nitawaomba tuamue jambo juu ya kapu tunalowapa wanaofika.

Kwanza, msuli ni nini? Sisi kwa maneno yetu kila kitu tunakiita mshipa. Tutenganishe. Mshipa wa damu unapitisha damu. Mshipa wa fahamu unapitisha amri toka ubongo. Kano ni ile kamba nyeupe, ngumu, inayofunga msuli kwenye mfupa. Msuli wenyewe ndiyo nyama. Ile nyama nyekundu ya mbuzi munayonunua sokoni ni msuli wa mbuzi. Mtu naye ana misuli yake, zaidi ya 600, na kwa mtu mzima mwenye afya inafika theluthi moja ya uzito wake au zaidi.

Wamama wanajua: ukichemsha nyama muda mrefu, inaachana nyuzi nyuzi. Kila uzi unaouona kwa macho ni fungu la nyuzi nyingine ndogo, nyembamba sawa unywele, na kila moja ya hizo ni seli moja hai. Kila fungu lina ngozi yake nyepesi ya kulifunga. Ni fungu ndani ya fungu, sawa kamba iliyosokotwa.

Na ndani ya seli kuna nini? Wale waliovua ziwani wataelewa upesi. Wavuvi wakivuta wavu toka ufukoni, wanashika kamba, wanavuta, wanaachilia, wanashika tena mbele. Ndani ya seli ya msuli kuna nyuzi za protini za aina mbili, aktini na miosini. Miosini ina vichwa vidogo vidogo vinavyoshika aktini, vinavuta, vinaachilia, vinashika tena. Nyuzi zenyewe hazifupiki. Zinapishana, zinaingiana, na msuli mzima unakuwa mfupi. Mfupa unafuata. Ndiyo mkono unainua jembe.

Kila mvuto unakula nishati. Hata kuachilia kunaomba nishati. Maiti inakakamaa baada ya saa chache juu ya hiyo: vichwa vimeshika, na nishati ya kuachilia imekwisha. Na sehemu kubwa ya nishati msuli inayotumia inageuka kuwa joto. Ukisikia baridi unatetemeka, ni misuli inayokuwashia moto.

Mukumbuke pia kwamba msuli unavuta tu, hausukumi. Ndiyo maana inafanya kazi miwili miwili: ule wa mbele ya mkono unakunja, ule wa nyuma unanyoosha.

Hiyo ni misuli ya mifupa, inayotii tunapoiamuru. Kuna aina nyingine mbili ambazo hazingojei amri yetu. Misuli laini iko kwenye tumbo, matumbo, mishipa ya damu na kizazi. Ndiyo inasukuma chakula, na ndiyo inamtoa mtoto siku ya kuzaa. Aina ya tatu ni msuli wa moyo, unaopiga karibu mara 100,000 kwa siku moja, na pumziko lake ni kati ya pigo na pigo tu.

Sasa tufike kwa swali la yule mama.

Mafuta, mwili unayaweka chini ya ngozi na tumboni, sawa akiba. Sukari kidogo unaiweka kwenye maini na kwenye msuli. Lakini protini haina ghala lake. Njaa ikikaa, mwili unafanya sawa mtu aliyeishiwa ndani ya nyumba: anaanza kubomoa ukuta ili auze tofali. Unavunja protini ya msuli, maini yanaigeuza sukari, ubongo unakula. Mwili unaokoa maisha, lakini unalipa kwa nyama yake. Na haubomoi mikono na miguu peke yake. Misuli ya kupumua inapungua, na moyo pia unapungua. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hata kukohoa kwa nguvu kunamshinda, ndiyo maana homa ya mapafu inamuua upesi.

Ule utepe wa rangi tatu tunaofunga kwenye mkono wa mtoto unapima hiyo akiba, msuli na mafuta pamoja. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 12.5 kuna hatari. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na mtoto anapelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, asingoje kesho.

Yule mama kambini alikuwa anakula posho iliyopunguzwa, tena alikuwa anawaachia watoto sehemu yake. Alipofika hapa alipata bugali ya muhogo asubuhi na jioni. Tumbo linajaa, kweli. Lakini gramu 100 za unga wa muhogo zina protini gramu 2 hivi. Maharagi makavu gramu 100 yana zaidi ya gramu 20. Ndakala kavu zina zaidi ya 50. Yule mama alikuwa na kuni, tofali hakuwa nazo.

Tusikosee lakini: unga si adui. Mtu asipokula vya kutosha vya kumpa nguvu, mwili unachoma hata protini ya maharagi kama kuni. Vyote viwili vinaombwa pamoja, na mafuta kidogo ndani ya sombe.

Kuna jambo la pili: msuli unajengwa pale tu unapotumika. Mimi mwenyewe nilivunjika mguu, nikafungwa plasta ngumu wiki sita. Nilikuwa ninakula vizuri, mke wangu ni shahidi. Walipoifungua, paja la upande ule lilikuwa jembamba, ungesema la mtu mwingine. Chakula kilifika, kazi haikufika. Kwa wazee ni mbaya zaidi, juu msuli wao unapungua kidogo kidogo kila mwaka, na siku chache za kulala kitandani zinaondoa kile ambacho kitaomba wiki nyingi kukirudisha. Ninajua tunawaheshimu, tunawaambia «kaa tu, mzee, pumzika». Heshima hiyo, tukiizidisha, inawanyang'anya miguu. Mzee asiyekatazwa na muganga asaidiwe kusimama na kutembea kila siku, hata kuzunguka nyumba tu.

Lakini kazi ianze kidogo. Aliyekaa miaka kambini bila shamba, akilima siku nzima mara ya kwanza, kesho yake na kesho kutwa atasikia maumivu mwili mzima. Hizo ni nyuzi zilizochanika kidogo sana. Zikipata chakula na usingizi zinapona, zinarudi na nguvu zaidi. Hakuna aliyemtupia kitu usiku. Lakini akikojoa mkojo mweusi sawa kahawa baada ya kazi ngumu, au baada ya kupigwa au kuangukiwa na kitu, akimbie kituo cha afya: msuli umevunjika sana na unaweza kuharibu figo. Na mtoto ambaye mguu au mkono wake unalegea ghafla, tusimkande nyumbani. Inaweza kuwa polio, ambayo inapiga mishipa ya fahamu; msuli unakosa amri na unanyauka. Tuite muganga siku hiyo hiyo.

Basi ombi langu liko na sehemu tatu. Ya kwanza: kapu la anayefika leo lina unga na chumvi. Tupunguze unga kidogo, tuongeze maharagi, ndakala na mafuta. Ya pili: shamba la kwanza la familia mpya tulilime kwa salongo, sisi tuliofika zamani, na wenyewe walime kidogo pamoja nasi, waongeze wiki kwa wiki. Ya tatu: kila mtaa uchague kijana wa kuwatembeza wazee wasioweza peke yao.

Kwa wafadhili wetu ninasema hivi: gunia la unga linaonekana kwenye picha, na tunashukuru kwa kila gunia. Lakini musituulize tu ni wangapi walishiba. Mutuulize pia ni wangapi wameweza kulima.

Mtauliza yule mama yuko wapi. Wakati ule dada yake alianza kumletea maharagi, na jirani mmoja akamletea ndakala kila siku ya soko. Alianza na kitalu cha mchicha nyuma ya nyumba. Msimu huu amelima shamba lake mwenyewe. Na yule mtu aliyetajwa na majirani anakaa bado pale pale, na leo amekuja mkutanoni. Tumpe nafasi yake kati yetu.