Makala Mbili za Beni na Butembo Mbele ya Kompyuta

Novemba 2018, Ebola ikiwa imeikamata Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, madaktari walianza kujaribu dawa nne katika vituo vya matibabu vya Beni, Mangina, Butembo na Katwa. Wagonjwa 681 waliandikishwa. Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu mAb114 na REGN-EB3 zilikuwa zinaokoa watu wengi zaidi kuliko ZMapp na remdesivir. Matokeo yakatoka mwaka huohuo katika jarida la New England Journal of Medicine.

Mapema mwaka huo The Lancet Infectious Diseases lilikuwa limechapa utafiti wa namna nyingine kabisa. Patrick Vinck na wenzake waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo mnamo Septemba 2018. Mmoja kati ya wanne alisema Ebola haipo.

Andiko hili linazitumia makala hizo mbili kuzipima programu za kufupisha utafiti.

Kazi hiyo si ya jana. Mwaka 1958 Hans Peter Luhn wa IBM aliifundisha kompyuta kuhesabu maneno yanayojirudia, kisha kuchomoa sentensi zenye maneno hayo mengi. Baadhi ya programu za sasa huzivunja sentensi zenyewe: hutafuta dhana mbili, kisha uhusiano unaoziunganisha. SemRep, ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ni mojawapo. Ikipewa makala ya dawa za Ebola, programu ya aina hii inatarajiwa kutoa kitu kama: mAb114 – hutibu – Ebola.

Ni kweli, ila muuguzi wa Katwa atakifanyia nini? Kati ya waliopewa mAb114, asilimia 35 walifariki; kwa ZMapp ilikuwa karibu nusu. Tena kwa dawa hiyohiyo ya mAb114, waliofika na virusi vichache mwilini walikufa mmoja kati ya kumi hivi, na waliofika na virusi vingi walikufa saba kati ya kumi. Neno “hutibu” limeyameza yote hayo. Na jambo zito kuliko yote halihusu dawa: kila siku mgonjwa aliyokaa nyumbani na dalili, hatari ya kufa ilipanda kwa asilimia 11. Programu inayowinda majina ya dawa na magonjwa tu italipita.

Makala ya Vinck nayo ina uhusiano wake: watu wasioziamini taasisi walikuwa wazito zaidi kukubali chanjo na kwenda hospitali. Ukiuweka kando ya ule wa kuchelewa na kifo, mnyororo unajitokeza wenyewe: kutoamini, kuchelewa, kifo. Hakuna hata makala moja iliyoutamka mzima. Mwaka 1986 Don Swanson wa Chicago aliunganisha hivyohivyo maandiko yaliyokuwa hayajuani, akakisia kwamba mafuta ya samaki yangewasaidia wenye ugonjwa wa Raynaud, na majaribio ya baadaye yakampa nguvu. Faida kubwa ya kuchambua dhana ipo hapo. Kufupisha makala mojamoja ni kazi ndogo.

Lakini mnyororo huo ni dhana ya kuchunguzwa, haujathibitishwa. Vinck alionyesha mambo yanayoendana. Hakusema moja limezaa jingine, na programu isiyotofautisha “huendana na” na “husababisha” ni ya hatari. Kuna kasoro nyingine pia. “Kutoamini” likibaki peke yake kwenye mchoro, linawageuza wakaaji kuwa wakaidi. Tangu Oktoba 2014 Beni inazika watu waliouawa kwa mapanga na risasi, serikali ipo na walinda amani wa Umoja wa Mataifa wapo. Watu wa riposte, yaani timu za kukabili Ebola, walipofika na magari yao, waliwakuta wakaaji wakijiuliza kwa nini hawakulindwa. Mchoro wa dhana usioionyesha historia hiyo haujakamilika, hata kama kila mshale wake ni sahihi.

Programu nyingi za aina hii zimefunzwa kwa Kiingereza, ilhali wauguzi wa Butembo husoma Kifaransa na huzungumza na wagonjwa kwa Kiswahili na Kinande. Basi vyuo vya Beni na Butembo, Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kikiwamo, vianze na kazi ya mikono: wanafunzi wa tiba na wa kompyuta wakae pamoja, wasome tafiti zilizofanywa Beni na Butembo, waandike kila uhusiano pamoja na sharti lake, kiasi chake na kiwango cha uhakika wake. Programu yoyote itakayoletwa ipimwe kwanza kwa mkusanyo huo.